Pande nne zimeshashikana, kitako bado

"Shikamoo fundi. Najifunza useremala mwenyewe, niko Tanga. Nimemtengenezea mama sanduku la mninga la kuwekea kanga zake: urefu sentimita 60, upana 35, kimo 30, mbao za unene wa milimita 20. Pembe nimeziunga kwa mkia wa njiwa, kwa msumeno wa mkono na patasi, na kazi hiyo imenichukua majuma matatu. Jumamosi nikatia gundi pande zote nne. Jumapili asubuhi nikakumbuka kwamba sikuchimba ndani ya kuta mfereji wa kuingizia kitako. Fundi mmoja wa mtaani anasema nipigilie plaiwudi kwa chini, yaishe. Mwingine anasema nikate kitako cha mninga kinachoenea kabisa ndani, nikigundishe pande zote. Mama anaishi Dodoma na sanduku litakwenda huko. Nifanye nini?"

Marahaba, binti yangu. Nikutoe wasiwasi kwanza: hujaharibu kitu. Kusahau mfereji mpaka gundi imekauka kunawapata mafundi wa miaka mingi, sembuse mtu anayejifunza peke yake. Mimi kumenipata mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na mvi tayari. Akili yote huwa imezama kwenye mikia na pini, yale meno ya mbao mbili yanayoshikana kwenye pembe. Pembe zinaingia bila mwanya, unafurahi, unabana klampu, unakwenda kunywa chai, na kitako kinabaki kama mgeni aliyesahauliwa barazani.

Hao mafundi wawili, kila mmoja ana nusu ya haki. Ila hakuna aliyekuuliza sanduku linakwenda kukaa wapi. Sentensi yako ya kabla ya swali, uliyoiandika kama ya kupita tu, kwamba mama anaishi Dodoma, ndiyo iliyobeba jibu.

Ubao ni tita la mirija myembamba iliyolala upande mmoja, ule tunaouita mwelekeo wa nyuzi. Kuta za mirija hiyo hunywa maji ya hewani na kuyatoa, mwaka nenda mwaka rudi, hata kama mti wenyewe ulikatwa enzi za babu. Zikinywa hunenepa, zikikauka hukonda. Kwa hiyo ubao hupanuka na kusinyaa kwa upana wake. Kwa urefu haubadiliki kiasi cha kukuhangaisha. Vanishi hulichelewesha jambo hili tu, hailizuii.

Ukiacha mbao ndani ya nyumba ambamo unyevu wa hewa ni asilimia 80, baada ya muda itatulia kwenye asilimia 16 hivi ya maji. Ihamishie kwenye unyevu wa asilimia 50 na itashuka hadi karibu asilimia 9. Tanga, hasa wakati wa masika, iko karibu na ile hali ya kwanza, na Dodoma ya kiangazi iko karibu na ile ya pili. Tusitie chumvi, tuchukue tofauti ya pointi tano tu. Mbao nyingi zilizopasuliwa kwa ubapa hubadilika upana kwa asilimia 0.2 hadi 0.3 kwa kila pointi moja ya unyevu. Mninga ni mbao tulivu, na hiyo ni sababu mojawapo ya sisi mafundi kuupenda, kwa hiyo tuupe 0.2. Ndani ya sanduku lako upana ni milimita 310. Kitako cha ubao mzima kitasinyaa milimita tatu kikifika kwa mama. Huo ni unene wa sarafu mbili hivi, na ni lazima utokee mahali fulani.

Sasa litazame sanduku kwa macho hayo. Mbao za pande zote nne zimelala, nyuzi zake zinalizunguka sanduku kama mkanda kiunoni. Urefu wa mkanda huo haubadiliki, uwe Tanga, uwe Dodoma, kwa sababu ni urefu wa nyuzi. Kuta zitapungua kimo kidogo, na hilo halimsumbui mtu. Kitako peke yake ndicho ambacho upana wake umebanwa katikati ya mkanda usiobadilika. Ukikigundisha pande zote nne unakiamuru kisinyae huku umekishika mikono na miguu.

Nasema haya kwa sababu niliwahi kulilipia. Nikiwa bado kijana, kwenye karakana moja huku pwani, nilitengeneza sanduku la mvule kwa ajili ya bwana aliyekuwa anahamia Dodoma kikazi. Nilitafuta ubao mpana, nikaunga vipande viwili kwa gundi, nikaupiga randa mpaka ukawa kioo, nikaugundisha ndani ya pande nne na kuongeza misumari kwa usalama. Lile neno usalama bado linanichekesha. Mwezi wa nane akanipigia simu. Usiku walisikia mlio chumbani, wakadhani paka ameangusha kitu, na asubuhi wakakuta kitako kimepasuka kutoka kichwa hadi kichwa, ufa unaopitisha kisu. Kiungo nilichounga mimi katikati kilikuwa kizima kabisa. Ufa ulipita pembeni yake, kwenye ubao wenyewe. Gundi nzuri haikuniokoa. Ilichofanya ni kuchagua pa kupasukia.

Safari ya kinyume ina hatari yake pia. Sanduku likitengenezwa Dodoma wakati wa kiangazi, kitako kikakazwa kabisa, kisha likaletwa Tanga, kitako kitavimba na kuzisukuma kuta zitoke nje. Hapo uliza mikia umeikata kwenye mbao zipi. Mkia wa njiwa huzuia kuvutwa kwa upande mmoja tu, ule wa urefu wa ubao wenye mikia. Kama mikia iko kwenye mbao ndefu za mbele na nyuma, kama wengi wanavyofanya kwenye sanduku lenye vishikio vya pembeni, basi kitako kinachosukuma mbele na nyuma kinazisukuma zichomoke kwenye upande ambao hakuna kitu kinachozishikilia isipokuwa gundi. Nimeona pembe zimeachama namna hiyo, na mwenye sanduku anawalaumu waliomkatia mikia.

Kwa hiyo ushauri wa fundi wako wa pili, ubao mzima wenye gundi pande zote, uweke kando kabisa.

Ushauri wa fundi wa kwanza siudharau. Plaiwudi imetengenezwa kwa tabaka zinazopishana nyuzi, kila tabaka inamzuia mwenzake asivimbe, na kwa kipimo cha sanduku lako haisogei kwa kiasi cha kuhesabu. Plaiwudi unaweza kuigundisha pande zote nne na kulala usingizi. Ugomvi wangu na yeye ni neno "upigilie kwa chini". Ukiipigilia chini ya kuta, ukingo wake wenye mistari ya tabaka utaonekana pande zote nne, moja kwa moja chini ya mikia uliyoitolea jasho majuma matatu. Pia uzito wote wa kanga, na kanga zikijaa sanduku ni nzito kuliko mtu anavyodhani, utakuwa unaning'inia kwenye misumari kila mara sanduku linapoinuliwa. Msumari uliopigwa wima kutokea chini kazi yake inakuwa kuchomoka taratibu.

Kama plaiwudi ndiyo uliyonayo, ifanye hivi. Tafuta mtu mwenye mashine ya ruta, ile inayochonga kwa kisu kinachozunguka, na biti ya kukata ngazi (daraja ukingoni mwa ubao), ile yenye beringi nchani. Lipindue sanduku, beringi itembee kwenye uso wa ndani wa ukuta, ukate ngazi ya upana wa milimita 10 na kina sawa na unene wa plaiwudi, tuseme milimita 9. Kwa kuwa biti inakatia ndani, nje hakuna kitakachoonekana. Milimita 10 za nje za ukuta zinabaki na zinaficha ukingo wote. Ruta itakuachia pembe za mviringo, uzinyooshe kwa patasi. Kata kidogo kidogo, mara tatu au nne, maana ukifika penye pembe unakata kichwa cha ubao, pale nyuzi zinapoishia, na chenyewe hupenda kuruka vipande. Kisha gundi, na skrubu kila sentimita 10. Kuhusu plaiwudi yenyewe: chukua kipande cha ukubwa wa kiganja, kichemshe kwenye sufuria kwa saa kadhaa. Kikianza kufunguka tabaka, hiyo ni gundi isiyopenda maji, na kitako cha sanduku hukaa karibu na sakafu inayopigwa deki. Tazama pia kwenye ukingo, maana plaiwudi za bei rahisi huwa na mapengo katikati, na skrubu ikiangukia kwenye pengo haishiki kitu.

Njia hiyo ni halali na sitakunyooshea kidole. Lakini sanduku la mninga la mkia wa njiwa, la mama, likifunguliwa na kukutana na plaiwudi... Wewe ndiye utakayelitazama, si mimi. Ningekuwa wewe ningetumia njia nyingine, ambayo haihitaji mashine na haiudhi mbao: papi nne, yaani vipande vyembamba vya mbao, ndani, na mbao fupi zinazokaa juu yake.

Pasua papi nne za milimita 20 kwa 20, za mninga au mbao yoyote ngumu iliyokauka. Hizi unazigundisha ndani ya kuta, chini kabisa, ukingo wa chini wa papi ukilingana na ukingo wa chini wa sanduku. Utaniuliza: gundi tena? Ndiyo, na hapa gundi ni sawa kabisa, kwa sababu papi imelala na ukuta umelala, nyuzi zake zinakwenda pamoja. Hakuna anayetaka kwenda mahali ambapo mwenzake haendi. Kiungo cha namna hii, ubavu kwa ubavu, kina nguvu kuliko mbao yenyewe. Tia skrubu tatu kwenye papi ndefu na mbili kwenye fupi, za milimita 30, ili kumi ziingie ukutani na zisitokeze nje. Hizo skrubu ni za kushikilia gundi ikikauka, mzigo unabebwa na gundi. Toboa njia kwanza, mninga ukilazimishwa karibu na mwisho wa papi utapasuka.

Kabla ya hayo yote, weka sanduku juu ya meza iliyonyooka, au kipande cha kioo, ulisukume pembe kwa pembe. Likicheza, ukingo wa chini haujanyooka, na huu ndio wakati wa kuupiga randa. Piga kutoka pembeni kuelekea katikati ya ubao, usipitilize randa nje ya pembe, ama utabandua kichwa cha pini na hakuna gundi itakayoficha. Pima na mishazari miwili, yaani kutoka pembe hadi pembe ya mkabala. Sanduku limeshagundishwa, kwa hiyo kama imepishana milimita mbili utaishi nayo, lakini ujue mapema ili usikate mbao za kitako kwa skwea ukashangaa zinaacha mwanya upande mmoja.

Sasa mbao za kitako. Watu wengi huzilaza kwa urefu wa sanduku kwa sababu inaonekana ndiyo kawaida. Wewe zipitishe kwa ufupi, kutoka ukuta wa mbele hadi wa nyuma. Unafaidi mara mbili. Ya kwanza ni nguvu: ubao unaovuka milimita 310 unabeba mzigo vizuri zaidi kuliko ubao huo huo ukivuka 560, hivyo unene wa milimita 12 unatosha na sanduku halilemei. Ya pili ni huko kusinyaa. Sanduku lina milimita 560 ndani kwa urefu, na kwa hesabu ile ile mbao zote kwa pamoja zitasinyaa milimita tano na nusu hivi. Ni nyingi kuliko zile tatu za mwanzo, lakini ukitumia mbao sita, kila moja inasinyaa chini kidogo ya milimita moja kivyake, na hakuna inayomvuta mwenzake. Wala kuta za mbele na nyuma hazisukumwi na mtu, maana upande huo sasa ni urefu wa nyuzi.

Ili hizo nafasi zisiwe madirisha ya mende, kata ngazi kwenye kila ubavu wa ubao, nusu ya unene, upana wa milimita 8, upande mmoja juu na upande wa pili chini. Ubao unalalia ngazi ya mwenzake kama mabati yanavyopandana. Zikisogea milimita moja, bado zimebaki saba zimefunikana. Ngazi hizi unaweza kuzikata kwa randa la ngazi, au kwa msumeno na patasi ukiwa na subira, na ile uliyoionyesha kwenye pembe inatosha. Katika kukata mbao kumbuka hizo 8 za kupandana. Binti mmoja niliyemfundisha alikata mbao sita sawasawa, akazipanga, zikaishia sentimita nne kabla ya ukuta. Tukaongeza ya saba na tukasema ndivyo tulivyokusudia.

Nafasi ya kuacha kati ya ubao na ubao inategemea siku unayofanya kazi. Ukiwa Tanga mvua zinanyesha, mbao ziko kwenye upana wake wa mwisho, kwa hiyo zipange zikigusana au ziache nafasi ya kadi ya benki, ambayo ni pungufu kidogo ya milimita moja. Ukifanya kazi hiyo hiyo Dodoma mwezi wa tisa, weka kadi mbili, kwa sababu huko mbao imeshakonda na siku ikirudi pwani itadai nafasi yake. Mbao za inchi moja kwa kumi usizitumie wiki ile ile unayozinunua. Zipasue, zipunguze unene karibu na kipimo, kisha zipange ndani ya nyumba zikiwa na vijiti katikati ili hewa ipite, ukae nazo wiki tatu au nne. Halafu uzipige randa kwa mara ya mwisho. Ubao ulionyooka dukani unaweza ukapinda ukishapunguzwa, na ni heri upinde kwenye kona ya chumba chako kuliko chini ya kanga za mama.

Kwenye kufunga ndipo mafundi wengi wazuri huharibu. Kila ubao funga kwa skrubu moja tu kila mwisho, katikati ya upana wake. Moja. Ukiweka mbili, kushoto na kulia, umerudi kule kule kwa kukishika kitako mikono na miguu, na ubao utapasuka kati ya skrubu na skrubu. Skrubu ya katikati inaushika ubao palipo na kitovu chake, na mbavu zote mbili zinabaki huru kupanuka. Tumia skrubu za shaba ya njano, kwa sababu hewa ya bahari hula chuma, na kutu kwenye kanga haitoki kirahisi. Shaba ni laini, hukatika shingo ukiikaza kavu kavu. Toboa njia, ipitishe kwanza skrubu ya chuma ya kipimo hicho hicho ili ikate njia, itoe, paka nta au sabuni ya kipande kwenye ile ya shaba ndipo uikaze kwa mkono. Gundi usitie hata tone. Siku ubao mmoja ukiharibika, mtu atafungua skrubu mbili, auweke mwingine.

Ubao wa mwisho, ule unaopakana na ukuta wa pembeni, usiukaze hadi ukuta. Acha kadi mbili pale. Hakuna atakayeona, kanga ya kwanza itafunika.

Jambo la mninga wenyewe: kagua kama kuna ule ukanda mweupe-manjano wa pembeni kwenye ubao. Kiini chekundu hudumu na wadudu hawakipendi, lakini huo weupe ni chakula cha wale wadudu wanaoacha unga laini kama poda. Upasue utupe, hata ukikutamanisha kwa rangi yake. Na ukipiga msasa funika pua, vumbi la mninga huwakereketa watu wengi pua na kifua.

Ndani ya sanduku usipake mafuta ya kitani. Nje yanapendeza, ila ndani ya sanduku linalofungwa hayapati hewa, yanabaki na harufu miezi na miezi na kanga zitainyonya. Aidha uache mbao uchi, au upake vanishi ya shelaki nyepesi mara mbili. Paka zile ngazi na mbavu kabla hujazipanga mbao, si baada. Ukipaka baadaye, mbao zikisinyaa kutatokea mistari myeupe pale ambapo brashi haikufika, na itaonekana kama kosa. Kama unapata vipande vya mtarakwa, au vya mkulo kutoka kwenye fanicha kuukuu ya huko Usambara, unaweza kuvitumia kwa kitako badala ya mninga. Harufu yake ukifungua sanduku ni nzuri sana. Kuhusu kufukuza nondo nisikudanganye, harufu hufifia na nondo hurudi.

Weka na miguu. Makasha mengi ya zamani ya pwani yamesimama juu ya miguu, na haikuwa kwa urembo peke yake. Hewa ipite chini, deki lisiguse mbao, na mchwa akipanda umwone. Vipande vinne vya sentimita 4 vilivyofungwa kwa skrubu kwenye papi, pembeni, vinatosha. Sasa unaona faida nyingine ya papi, maana miguu imepata pa kushika bila kugusa viungo vyako.

Sanduku lako lijalo utataka kuchimba mfereji kabla, kwa hiyo nikuachie na hilo, kwa sababu lina mtego wake. Mfereji wa kitako, kwa mbao za milimita 20, uwe na upana wa milimita 6 na kina cha 6, na chini yake ubakie mdomo wa milimita 10 au zaidi, ama utamegeka. Mtego uko mwishoni mwa mfereji. Tuseme umeuweka kwenye kimo cha mkia wa chini kabisa. Kwenye ubao wa pini, mfereji unaishia kwenye pengo kati ya pini na pini, mkia unakuja kulijaza pengo hilo, na nje huoni kitu. Hapo pitisha mfereji moja kwa moja bila woga. Kwenye ubao wa mikia, mfereji ukipita moja kwa moja utatokea kwenye kichwa cha mkia, na sanduku likishaungwa utaona matundu manne madogo ya mraba, moja kwenye kila pembe, yanakutazama. Ukiuhamishia mfereji kwenye kimo cha pini, unahamisha matundu tu, yanatokea kwenye mbao za upande wa pili.

Kwa hiyo mbao mbili pitisha, mbili simamisha. Kwenye ubao wa mikia mfereji uvuke mstari wa shina la mikia kwa milimita 6 tu, sawa na kina cha mfereji wa mwenzake, usiende zaidi. Randa la mifereji haliwezi kusimama njiani namna hiyo, kwa hiyo sehemu za mwisho chimba kwa patasi. Kama hutaki kuvuka mstari kabisa, simama kwenye mstari na ukate pembe nne za kitako kidogo, kiingie bila kupagusa. Na ukijisahau ukapitisha zote, ziba matundu kwa vijiti ulivyokata kwenye masalio ya ubao ule ule, ila hakikisha kichwa cha kijiti ndicho kinachotazama nje, kwa kuwa kinakaa kwenye kichwa cha mkia. Ukiziba kwa ubavu, rangi itapishana hata kipofu ataiona. Kwenye droo tatizo hili halipo upande wa mbele, kwa sababu mikia haitokezi kwenye uso wa droo, na tundu linajificha lenyewe.

Kitako kinachoingia mfereji hakitiwi gundi, kinakaa tu. Na kinaingizwa kabla ya pembe ya nne kufungwa. Hilo liandike kwa chaki juu ya benchi lako, mimi nimeliandika kwangu.

Sasa nenda ukapasue papi. Sanduku likishafika, muombe mama mwezi wa nane atoe kanga, achungulie kati ya mbao za kitako. Akikuta nafasi ya kadi mbili mahali ulipoacha moja, mwambie arudishe kanga zake.